Konstantin Tsiolkovsky: mwalimu kiziwi aliyepima mwendo wa vyombo vya anga

Wenzangu watatu wa kitivo cha sayansi wana mchezo wao wa jioni. Wanaweka karatasi ya miraba juu ya meza, wanapanga vifuniko vya chupa badala ya sanamu ndogo za vyombo vya anga, na vita vinaanza. Siku moja niliwakuta wamesimamisha vita na wanabishana. Mmoja alikuwa amekipeleka chombo chake mbele kwa kasi, kisha kwa zamu moja akakigeuza na kukirudisha kilikotoka, kama mtu anavyogeuza pikipiki barabarani. Wawili walikataa. Kwa maelezo yao, angani hakuna barabara, hakuna hewa, hakuna maji. Chombo kilichokwisha kuanza kwenda hakina kitu cha kushikilia ili kigeuke. Ubishi ule uliuzidi mchezo wenyewe kwa urefu.

Mimi ni mwanafunzi wa isimu, na fizikia niliiacha shule ya sekondari bila majonzi. Lakini niliuliza ni nani wa kwanza aliyekaa chini akaandika jinsi chombo kinavyokwenda mahali pasipo na kitu. Walimtaja Newton kwa sheria za mwendo kwa ujumla. Kwa chombo chenyewe, chenye injini na mafuta yanayopungua, walitaja jina nililoshindwa kulitamka: Tsiolkovsky. Nilikwenda kusoma habari zake nikitafuta mtaalamu wa hesabu. Nilimkuta pia mwalimu wa mji mdogo, aliyeandika katika lugha ambayo wenye madaraka ya sayansi hawakuisoma, na ambaye karibu apoteze kazi yake kwa sababu hiyo. Ndiyo maana naleta maisha yake katika jarida letu.

Utoto na ukimya

Konstantin Eduardovich Tsiolkovsky alizaliwa Septemba 1857 katika kijiji cha Izhevskoye, jimbo la Ryazan, kusini-mashariki mwa Moscow. Baba yake, Eduard, alikuwa mtumishi wa idara ya misitu, mwenye asili ya Kipolandi. Mama yake, Maria Yumasheva, ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na fedha kidogo, na kazi ya baba iliwahamisha kutoka mji hadi mji.

Akiwa na umri wa miaka kumi hivi alishikwa na skarlatini, homa kali ya vipele vyekundu. Alipona, lakini masikio yake hayakupona. Tangu hapo alisikia kwa shida kubwa, na maisha yake yote aliishi kama mtu aliyetengwa na mazungumzo ya wengine. Mwaka 1870 mama yake alifariki. Shuleni Vyatka, walikokuwa wamehamia, mtoto asiyesikia sauti ya mwalimu hakuweza kufuata masomo, na mwaka 1873 akaondolewa. Hakurudi tena kukaa darasani kama mwanafunzi.

Sisi tunaosomea lugha tunajua maana ya jambo hili. Mtoto anapopoteza kusikia katika umri huo, lugha aliyokwisha kuipata hubaki, lakini mlango wa kuingizia mambo mapya unakuwa umefungwa nusu. Kijana huyu alihamia upande wa maandishi. Alisoma vitabu vya baba yake, na alipokosa maelezo alitengeneza kifaa kwa mikono yake ili aone kwa macho alichoshindwa kukisikia.

Moscow: mkate na maktaba

Mwaka huohuo wa 1873, akiwa na miaka kumi na sita, baba yake alimpeleka Moscow kujisomea. Alikuwa akipata kutoka nyumbani rubli kati ya kumi na kumi na tano kwa mwezi. Alikula mkate mweusi na kunywa maji, na fedha iliyobaki aliinunulia vitabu, zebaki na asidi kwa ajili ya majaribio. Nguo zake zilitobolewa na asidi hiyo, na watoto wa mtaani walimcheka.

Shule yake ilikuwa maktaba ya umma. Humo alifanya kazi Nikolai Fyodorov, mwanafalsafa aliyeishi maisha ya ufukara kwa hiari yake na kuamini kwamba siku moja sayansi itawafufua wafu wote. Fyodorov alimwona kijana huyu mkimya akamsaidia kupata vitabu. Kwa miaka mitatu Tsiolkovsky alisoma hesabu, fizikia, kemia na elimu ya nyota bila mwalimu wa kumsahihisha. Njia hiyo ilimpa uhuru na pia ilimpa hasara. Hakujua daima ni jambo gani wengine walikwisha kuligundua.

Hasara hiyo ilionekana mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alituma St. Petersburg, kwa jumuiya ya wanafizikia na wanakemia, kazi yake juu ya mwendo wa chembe za gesi. Wakubwa waliisoma wakaona hesabu zake ni nzuri, ila jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kujulikana kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakukata tamaa. Nao, kwa heshima yao, hawakumdharau, bali walimtia moyo aendelee.

Mwalimu wa Borovsk

Baada ya Moscow alirudi nyumbani, akafundisha watoto wa watu kwa malipo, na mwaka 1879 akafaulu mtihani wa serikali wa ualimu. Mwaka 1880 alipelekwa Borovsk, mji mdogo, kufundisha hesabu. Huko alipanga katika nyumba ya mchungaji mmoja, na mwaka huohuo akamwoa binti yake, Varvara Sokolova. Walipata watoto saba.

Watu wa Borovsk walimwona mwalimu wa ajabu. Wakati wa baridi, mto ulipoganda, alifunga tanga juu ya kiti chenye vyuma vya kuteleza, akakimbizwa na upepo juu ya barafu. Mzaha huo una somo ndani yake. Juu ya barafu msuguano ni mdogo, na mtu anahisi mwilini kwamba kuanza kwenda ni kazi moja na kusimama ni kazi nyingine.

Mwaka 1883 aliandika kitabu kidogo kwa mtindo wa shajara, akakiita Anga Huru. Hakikuchapishwa akiwa hai. Ndani yake anauliza swali jepesi. Tuseme mtu yuko mahali pasipo na uzito, pasipo na hewa, pasipo na ukuta wala sakafu. Atatembeaje? Jibu lake ni kwamba hatatembea. Kama ametulia, atabaki ametulia, arushe miguu apendavyo. Kama anakwenda, ataendelea kwenda kwa kasi ileile na kwa njia iliyonyooka, bila kuchoka na bila kusimama. Njia ya pekee ya kubadilisha mwendo wake ni kutupa kitu. Akitupa jiwe upande mmoja, yeye husukumwa upande wa pili. Kisha Tsiolkovsky anaweka pipa lililojaa gesi iliyobanwa: ukifungua bomba lake, gesi inatoka mfululizo, na pipa linakwenda mfululizo upande wa pili. Pipa hilo ni chombo cha anga, ingawa halijapata jina.

Kaluga na fomula

Mwaka 1892 alihamishiwa Kaluga, mji ulio kando ya mto Oka, na huko aliishi hadi kufa. Alifundisha hesabu na fizikia, hasa katika shule ya wasichana. Alijitengenezea mirija mikubwa ya bati, mfano wa faneli, akaiweka sikioni kumsikiliza mtu aliyekaa karibu. Wanafunzi walimpenda kwa sababu somo lake lilionekana kwa macho.

Nyumbani, chini ya paa, alikuwa na karakana. Mwaka 1897 alitengeneza tundu la upepo, yaani sanduku lenye feni ya kupuliza hewa juu ya vipande vya maumbo mbalimbali, ili apime jinsi hewa inavyozuia mwendo. Chuo cha Sayansi cha Urusi kilimpa rubli 470 kwa majaribio hayo, na huo ndio karibu msaada wote wa fedha alioupata kwa sayansi yake chini ya utawala wa mfalme.

Mwaka huohuo wa 1897, katika karatasi zake, ilikamilika fomula ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Nitaieleza kwa maneno, kama nilivyoelezwa na wenzangu mezani.

Roketi hubeba mafuta yake yenyewe na kuyatupa nyuma. Kila inapotupa, inakuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo tone la mwisho la mafuta linaisukuma zaidi kuliko tone la kwanza. Kasi itakayopatikana hutegemea mambo mawili tu: kasi ya gesi inayotoka, na uwiano kati ya uzito wa chombo kikiwa kimejaa na uzito wake kikiwa kitupu. Muda wa kuwaka hauingii katika hesabu hii, kama hakuna mvutano wa dunia. Lakini uwiano huo hauongezi kasi kwa kujumlisha. Kila unapouzidisha kwa mbili, unapata hatua moja tu ya kasi, ileile, karibu asilimia 69 ya kasi ya gesi. Chombo chenye mafuta sawa na uzito wake mtupu kina uwiano wa mbili na kinapata hatua moja. Ili kipate hatua mbili, uwiano uwe nne, yaani mafuta mara tatu ya chombo. Hatua tatu zinataka uwiano wa nane, mafuta mara saba. Anayetaka kasi kidogo zaidi hulipa mafuta mengi zaidi, na mzigo wa mafuta hayo nao unahitaji kubebwa.

Tsiolkovsky alichukua haidrojeni na oksijeni za majimaji, akakadiria kwamba gesi yake ingetoka kwa kilomita 5.7 kwa sekunde. Kwa hatua mbili anapata takribani kilomita 7.9 kwa sekunde, kasi inayotosha kuizunguka dunia bila kuanguka, ikiwa tunasahau hewa na mvutano wakati wa kupanda. Kwa hesabu ya karatasi tu, mwalimu wa Kaluga alikuwa ameonyesha kwamba safari ya angani ni ngumu lakini haipingani na maumbile.

Kutoka Kaluga hadi mezani

Hapa narudi kwa vifuniko vya chupa. Michezo ya vita kwa sanamu ndogo ni ya zamani. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells, aliyetunga hadithi za safari ya mwezini na wavamizi kutoka Mirihi, alichapisha mwaka 1913 kitabu cha sheria za kupigana kwa askari wa kuchezea sakafuni. Baada yake michezo hiyo ilienea hadi kwenye meli na ndege. Ilipofika angani, watungaji wengi walichukua tu sheria za meli au za ndege wakabadilisha picha. Chombo kinapinda kona, kinapunguza mwendo kikizima injini, kinasimama kinapotaka. Mchezo unafurahisha, lakini hiyo ni bahari iliyopakwa rangi nyeusi.

Wengine walitaka ukweli. Mwaka 1973 Marekani ilitoka Triplanetary, mchezo wa ubao ambamo kila mchezaji huchora mshale wa mwendo wa chombo chake. Kanuni ni hii: mshale wa zamu iliyopita unarudiwa katika zamu mpya, urefu uleule, upande uleule. Ukichoma kipimo kimoja cha mafuta, unaisogeza ncha ya mshale nafasi moja, upande wowote. Usipochoma, hubadilishi kitu, labda sayari iliyo karibu ikuvute. Michezo ya sanamu ndogo iliyofuata kanuni hii hutumia alama mbili, moja inapokaa chombo, nyingine kitakapofika kisipofanya lolote.

Nilijaribu wenyewe. Chombo changu kilikuwa na mshale wa miraba sita kwa zamu, na injini yangu iliweza kupunguza mraba mmoja kila zamu. Nilitaka kusimama. Ilinichukua zamu sita, na katika zamu hizo nilisogea mbele miraba mitano, minne, mitatu, miwili, mmoja, jumla kumi na tano. Nilimpita adui, nikaipita sayari niliyotumwa kuilinda, nikasimama mahali pasipo na faida, tangi likiwa tupu. Nilijifunza pia kwamba pua ya chombo si njia yake. Unaweza kugeuka ukatazama nyuma na kumpiga anayekufuata, huku ukiendelea kwenda kulekule ulikokuwa ukienda. Ndipo nilipoielewa Anga Huru ya mwaka 1883. Kiswahili kina neno inesha kwa tabia hiyo ya vitu. Mezani niliona kwamba neno hilo halisemi uvivu wa kitu kilichotulia tu, linasema pia ukaidi wa kitu kinachokwenda.

Makala iliyozikwa

Mwaka 1903 fomula ilitoka kwa mara ya kwanza, katika jarida Nauchnoye Obozreniye, yaani Mapitio ya Sayansi, la St. Petersburg. Makala ilihusu kuchunguza anga za ulimwengu kwa vyombo vinavyojisukuma kwa kutupa gesi. Ndani yake mlikuwa na roketi ya mafuta ya majimaji, chumba cha abiria, na usukani wa kuelekeza gesi, kwa sababu usukani wa kawaida hauna kazi pasipo na hewa.

Wiki chache baadaye mhariri wa jarida, Mikhail Filippov, alikutwa amekufa katika maabara yake. Polisi walichukua karatasi zake na jarida likafa naye. Sehemu ya pili ya makala haikuwa na pa kutoka. Ilisubiri hadi miaka ya 1911 na 1912, ilipochapishwa katika jarida la mambo ya usafiri wa angani.

Miaka hiyo ya kusubiri ilikuwa mibaya nyumbani pia. Mwaka 1902 mwanawe Ignaty, aliyekuwa mwanafunzi Moscow, alijiua. Mwaka 1908 mto Oka ulifurika ukaingia nyumbani, ukaharibu vifaa na maandishi mengi. Mwaka 1911 binti yake Lyubov alikamatwa kwa shughuli za kisiasa. Kati ya watoto saba, ni mabinti wawili tu walioishi baada ya baba yao. Varvara, ambaye vitabu vingi vinamtaja kwa mstari mmoja, ndiye aliyeiendesha nyumba hiyo kwa mshahara wa mwalimu, ambao sehemu yake iliishia kwenye bati na karatasi.

Nani alitangulia?

Tsiolkovsky aliandika kwa Kirusi, na vijitabu vyake vingi alivichapisha kwa gharama yake katika mitambo ya Kaluga, akavituma kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Ulaya ya Magharibi haikuviona. Mwaka 1913 Mfaransa Robert Esnault-Pelterie alichapisha hesabu za roketi bila kuijua kazi yake. Mwaka 1919 Mmarekani Robert Goddard alitoa yake, na mwaka 1923 Hermann Oberth, mwenyeji wa Transylvania aliyeandika Kijerumani, alichapisha Munich kitabu kilicholeta msisimko mkubwa. Habari ya kitabu hicho ilifika Urusi, na magazeti yakaandika juu ya wagunduzi wa kigeni.

Fikirini hali ya mzee wa miaka sitini na sita anayesoma kwamba jambo alilochapisha miaka ishirini kabla limegunduliwa upya ng'ambo. Alichofanya ni somo kwetu. Mwaka 1924 alichapisha tena Kaluga makala yake ya 1903 kama kijitabu, na rafiki yake kijana, Alexander Chizhevsky, akakiandikia utangulizi kwa Kijerumani. Kitabu cha Kirusi, kilichochapishwa mkoani, kikavaa kilemba cha Kijerumani ili kisomwe. Nakala zilitumwa nje. Baadaye Oberth mwenyewe aliandikiana barua naye na kukiri kwamba Mrusi alitangulia.

Tuseme haki yote: Tsiolkovsky naye hakuwa wa kwanza kabisa katika hesabu yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwingereza William Moore alikwisha kuandika hesabu inayofanana kwa ajili ya roketi za vita, ikasahauliwa. Lakini aliyeichukua hesabu hiyo na kuiuliza kama inaweza kumtoa mtu duniani ni mwalimu wa Kaluga.

Jambo hili liliniuma, kwa sababu kitivoni kwetu tunaandika juu ya lugha za Kiafrika kwa Kifaransa, na anayeandika kwa Kiswahili huulizwa nani atamsoma. Swali hilo si la kipumbavu. Tsiolkovsky alilipa gharama yake kwa miaka ishirini. Ila angalieni mpangilio wa jibu lake. Kwanza aliwaza na kuandika hadi mwisho katika lugha yake, kwa wasomaji wa mjini kwake. Kijerumani kilikuja baadaye, kurasa chache mbele ya kitabu, kwa kazi maalumu ya kupeleka habari. Hakusubiri kujua Kijerumani ndipo afikiri.

Kuna jambo jingine litakalowashangaza wanaisimu. Mwaka 1927 alichapisha kijitabu juu ya alfabeti, tahajia na lugha ya pamoja kwa wanadamu wote. Mtu aliyepoteza sauti utotoni alitaka kila sauti ya binadamu ipate herufi yake. Kama mwanafunzi wa isimu siwezi kumuunga mkono katika lugha moja kwa wote. Tunajua lugha moja kwa wote huwa ni lugha ya nani. Lakini hamu ya kuandika kila kinachosikika, kutoka kwa mtu asiyesikia, siisomi bila kusimama kidogo.

Miaka ya mwisho

Mapinduzi ya 1917 yalimletea mema na hofu. Mwaka 1919 alikamatwa na polisi wa siri, akawekwa gerezani Moscow kwa majuma mawili hivi, kisha akaachiliwa. Mwaka 1921 serikali hiyohiyo ilimpa pensheni ya maisha, na tangu hapo aliandika kwa utulivu. Mwaka 1929 alitoa kazi juu ya treni za roketi, yaani roketi zinazofuatana. Moja ikimaliza mafuta inaachwa, na zilizobaki zinaendelea zikiwa nyepesi. Hiyo ilikuwa njia ya kuikwepa hesabu yake mwenyewe ya hatua zinazozidi kuwa ghali, na roketi kubwa za leo bado huitumia kanuni hiyo.

Si kila alichoandika kinafaa kufuatwa. Katika vijitabu vyake vya falsafa alitaka wanadamu wachaguliwe na kuboreshwa, na uhai aliouona dhaifu upunguzwe, kwa nia ya kuondoa mateso. Dunia iliona baadaye mawazo ya namna hiyo yanapelekea wapi. Na inashangaza kuyapata kwa mtu ambaye, kwa kipimo hichohicho, huenda asingepewa nafasi.

Utawala wa Stalin ulimfanya shujaa wa taifa. Mwaka 1932, alipotimiza miaka sabini na mitano, alipewa nishani. Mwaka 1935 sauti yake ilitangazwa Moscow katika sherehe za Mei Mosi. Septemba mwaka huo, akiugua saratani ya tumbo, aliacha wasia kwamba kazi zake zote ziwe mali ya chama na serikali. Alifariki Kaluga tarehe 19 Septemba 1935. Filamu ya safari ya mwezini aliyokuwa mshauri wake ilionyeshwa mwaka uliofuata, bila yeye.

Mwaka 1957, karne moja tangu azaliwe, Warusi walirusha Sputnik. Mwaka 1961 Yuri Gagarin, baada ya safari yake, alikwenda Kaluga kuweka jiwe la msingi la jumba la makumbusho lenye jina la mwalimu huyo. Upande wa nyuma wa mwezi lipo shimo kubwa linaloitwa Tsiolkovsky. Hata nchi yetu iliguswa. Ilipoitwa Zaire, kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha roketi kutoka kaskazini ya Shaba, juu ya bonde la Luvua, mwaka 1977 na 1978. Ile ya Juni 1978, mbele ya Rais Mobutu, iliinuka kidogo ikaanguka. Hesabu ya Kaluga ilikuwa ileile pale Shaba, na haikumpendelea mkubwa yeyote.

Wenzangu waliumaliza ubishi wao kwa kuandika sheria nyuma ya karatasi ya miraba. Kila chombo kinarudia mshale wake, na anayetaka kugeuka alipe mafuta. Nikaombwa niiandike kwa Kiswahili, kwa sababu walikuwa wakibishana kwa Kifaransa na mmoja wao hakuridhika. Ilinichukua nusu saa kuamua kati ya kasi, mwendo na uelekeo. Mwishoni sheria ilitosha katika mistari minne, na tangu jioni ile hakuna aliyegeuza chombo kama pikipiki.